Mizunguko Minne kwa Mguu Mmoja: Elena Gómez wa Manacor

Waheshimiwa walimu wa michezo, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mlioketi mbele kwenye magodoro,

Nilipoalikwa kuzungumza leo niliachiwa nichague mwanamichezo yeyote nimtakaye, na nadhani wengi wenu mlitarajia nimtaje Simone Biles wa Marekani au Nadia Comăneci wa Romania, ambao majina yao yameshavuka mipaka ya mchezo na kuingia katika mazungumzo ya watu wasiojua hata boriti inawekwa wapi. Mimi nimemchagua msichana wa Kihispania ambaye sidhani kama watu watatu humu ukumbini wamewahi kumsikia. Anaitwa Elena Gómez Servera. Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1985 katika mji wa Manacor, kisiwani Mallorca. Akawa bingwa wa dunia wa zoezi la sakafuni siku chache tu baada ya kutimiza miaka 17. Na Michezo ya Olimpiki aliyoshiriki akiwa na miaka 18 ikawa ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho kwake. Ukiipima kwa urefu, safari hiyo ni fupi. Nimeileta mbele yenu kwa sababu ya kitu kimoja alichokiacha nyuma, ambacho nitakifikia muda si mrefu.

Kwanza niondoe utata mmoja. Ukimtajia Mhispania neno jimnastiki, huenda mawazo yake yakakimbilia kwanza ile ya utepe, mpira na pete, kwa kuwa wasichana wa Uhispania walitwaa dhahabu ya timu katika mchezo huo huko Atlanta mwaka 1996, na nchi nzima haijasahau. Gómez hakuwa wa huko. Yeye alikuwa wa jimnastiki ya kisanaa, yaani ile ambayo wanawake hushindana katika vifaa vinne: kuruka meza, vyuma viwili visivyolingana urefu, boriti, na sakafu. Boriti, kwa faida ya wazazi, ina upana wa sentimita 10 na imeinuliwa mita 1.25 kutoka chini. Mkiwa na rula nyumbani, pimeni sentimita 10 muone ni nafasi ya mguu wa nani. Sakafu ni mraba wa mita 12 kwa 12, wenye springi na sponji chini ya zulia, na mwanajimnastiki wa kike hupewa muda usiozidi sekunde 90, akicheza kwa muziki, aonyeshe pindu zake, mirukio yake na mizunguko yake.

Manacor ni mji unaojulikana kwa fanicha na kwa lulu za kutengenezwa kwa mikono ya watu, si zile zinazotoka kwenye chaza. Siku hizi unajulikana zaidi kwa Rafael Nadal, mcheza tenisi, ambaye naye alizaliwa huko huko tarehe 3 Juni 1986, miezi isiyotimia saba baada ya Gómez. Nawaomba mtunze tarehe hizo mbili kichwani, kwa maana nitazirudia. Timu ya taifa ya jimnastiki, hata hivyo, haikai kisiwani. Inakaa Madrid, na mtoto wa Mallorca anayetaka kuvaa rangi za nchi yake hana budi kuvuka bahari, kuwaacha wazazi na kwenda kuishi na wenzake, huku vitabu vya shule viko mkono mmoja na chokaa ya mazoezi iko mkono mwingine. Wazazi mliopo mnalielewa hilo kuliko mimi. Kuna wakati nimeulizwa na mama mmoja kama ningekubali binti yangu aondoke nyumbani akiwa mdogo kiasi hicho, na nilichelewa sana kumjibu.

Huko Madrid kuna bweni la wanamichezo linaloitwa kwa jina la Joaquín Blume, na naona siwezi kupita hapo bila kusimama. Blume, mwanajimnastiki, alizaliwa Barcelona mwaka 1933. Mwaka 1956 alikuwa kijana wa miaka 23, yuko katika ubora wake, na Michezo ya Olimpiki ilikuwa inakaribia kufanyika Melbourne. Majeshi ya Kisovieti yakaingia Hungaria kuzima mapinduzi ya wananchi, na Uhispania, pamoja na Uholanzi na Uswisi, ikakataa kupeleka wanamichezo wake Australia kwa kupinga kitendo hicho. Blume akabaki nyumbani. Mwaka uliofuata alikwenda Paris akawa bingwa wa Ulaya, jambo lililowafanya Wahispania wajiulize angefanya nini Melbourne. Na mwezi Aprili 1959 ndege aliyopanda na mkewe ikaanguka milimani katika jimbo la Cuenca. Alikuwa na miaka 25. Kwa hiyo mtu ambaye jina lake limeandikwa mlangoni pa bweni la wanamichezo wa Uhispania alizuiwa kwenda kwenye Olimpiki kwa sababu ya yaliyotokea Hungaria. Miaka 46 baadaye, mwanamke wa kwanza wa Uhispania kuwa bingwa wa dunia katika jimnastiki ya kisanaa alilipata taji lake katika nchi hiyo hiyo ya Hungaria. Sidai kwamba kuna siri hapo. Ninasema tu kwamba nilipogundua niliweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo.

Basi twende Debrecen, mji wa mashariki mwa Hungaria, Novemba 2002. Mashindano ya Dunia ya mwaka ule hayakuwa na ubingwa wa timu wala ubingwa wa vifaa vyote kwa pamoja. Kila kifaa kilishindaniwa peke yake, kwa mchujo, kisha nusu fainali, kisha fainali. Maana yake ni kwamba anayetafuta dhahabu ya sakafuni alilazimika kulifanya zoezi lake mara tatu mbele ya waamuzi, na mara zote tatu alifanye vizuri, kwa kuwa alama za jana hazikumsaidia leo. Yelena Zamolodchikova wa Urusi alichukua dhahabu ya kuruka meza, Wamarekani Courtney Kupets na Ashley Postell wakachukua vyuma na boriti. Sakafuni, Verona van de Leur wa Uholanzi alipata fedha, Samantha Sheehan wa Marekani akapata shaba, na dhahabu ikamwendea Gómez.

Wanaume wa Uhispania walikuwa wameshaizoea njia hiyo. Jesús Carballo alikuwa bingwa wa dunia wa chuma cha juu mwaka 1996 na tena mwaka 1999, na Gervasio Deferr, kijana wa miaka 19, alirudi kutoka Sydney mwaka 2000 na dhahabu ya Olimpiki ya kuruka meza, akaja kuirudia Athens mwaka 2004. Wanawake walikuwa na timu imara, iliyomaliza ya tano Sydney na kusogezwa hadi ya nne miaka kumi baadaye China ilipovuliwa matokeo yake kwa sababu ya umri wa mmoja wa wachezaji. Hata hivyo hakuna mwanamke wa Kihispania aliyekuwa amesimama juu kabisa ya jukwaa la dunia, mpaka msichana huyu.

Sasa nikifikie kile kitu.

Waliokua kabla ya simu kuingia mikononi mwa watoto wanaikumbuka pia. Sisemi ile pia ya kuunganishia maneno. Nasema pia ya mti, iliyochongwa ikawa na tumbo nene na ncha nyembamba, ukaizungushia kamba, ukaivurumisha chini, ikasimama kwa ncha yake. Pia iliyochongwa vizuri ilizunguka kwa utulivu hata ukadhani imetuama, na kosa dogo la mchongaji lilijitangaza papo hapo kwa kuyumba. Katika kitabu cha alama cha Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki, kile ambacho waamuzi wote duniani hukitumia, kuna mzunguko wa sakafuni unaofanywa kwa mguu mmoja mara nne kamili, digrii 1440, bila kuruka, bila kushusha kisigino, bila kuugusisha chini mguu wa pili. Mzunguko huo unaitwa Gómez. Msichana wa Manacor alijigeuza kuwa pia, na shirikisho likaandika jina lake kando ya mchoro.

Mtu asiyejaribu anaweza kudhani si jambo kubwa. Wasichana wanapiga pindu mbili hewani, wanajisokota mara mbili na mara tatu, halafu mimi nakuja kuwasifia mtu aliyezunguka akiwa amesimama! Naomba tuliangalie kwa makini, kwa sababu hapa ndipo walimu tunapopotea.

Mwanajimnastiki anasimama na mguu mmoja mbele, goti limekunjwa kidogo, mikono imetanuliwa, mmoja mbele na mwingine ubavuni. Kisha, kwa tendo moja, anaisukuma sakafu kwa mguu wa nyuma, ananyoosha goti la mbele, anainuka juu ya sehemu ya mbele ya wayo, chini ya vidole, na kuikusanya mikono. Nguvu yote ya kuzunguka anaichukua sakafuni katika kitambo hicho cha mwanzo, miguu miwili ikiwa bado chini. Mguu wa nyuma ukishaachia, mkopo umefungwa; hakuna mahali pengine pa kuongeza kasi isipokuwa kuubana mwili karibu zaidi na mhimili wake, kama mikono inavyobanwa, kwa kuwa kitu kinachozunguka huongeza mwendo kikijikusanya na hupunguza mwendo kikijitanua. Na wakati huo huo zulia linamla. Sakafu ya dansi ni laini. Zulia la jimnastiki limewekwa ili mguu usiteleze wakati wa kukimbia na kuruka, na msuguano ule ule unaomlinda katika pindu unamzuia katika mzunguko. Chini ya zulia kuna springi zinazobonyea. Anayezunguka mara nne hapo anazunguka juu ya kitu kinachomshika mguu na kinachotikisika.

Akisukuma kwa nguvu ndogo, anakwama katikati ya mzunguko wa tatu. Akisukuma kwa nguvu nyingi lakini mwili ukaegemea hata kidogo, kasi yenyewe ndiyo inayomtupa nje, kama ile pia iliyochongwa vibaya. Nyonga inapaswa kukaa juu kabisa ya wayo, mabega juu ya nyonga, na kichwa kifanye kazi yake ya pekee, yaani macho yabaki mahali pamoja kadiri shingo inavyoruhusu, kisha kichwa kigeuke haraka kuliko mwili na kufika mbele kabla yake. Halafu asimame. Kusimama ndiko kunakowashinda wengi. Mizunguko minne ikishakamilika, mwili bado unataka wa tano, na mwanajimnastiki lazima aushushe mguu wake kwa wakati na kwa upande anaoutaka yeye, muziki ukiwa unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Niwaeleze sasa hesabu, kwa kuwa makocha huamua kwa hesabu. Vitendo vyote vimepangwa kwa herufi, A ikiwa ya chini kabisa yenye thamani ya 0.1, B 0.2, na kuendelea hivyo. Mzunguko mmoja wa kawaida sakafuni ni A. Miwili ni B. Mitatu ni C. Minne, huo Gómez, umerukishwa daraja ukawekwa kwenye E, thamani 0.5. Linganisheni na pindu mbili za kurudi nyuma mwili ukiwa umekunjwa, ambazo kila timu kubwa inazifundisha mapema: hizo ni D, 0.4. Yaani kitabu chenyewe kinakiri kwamba kuzunguka mara nne kwa mguu mmoja ni kugumu kuliko kupinduka mara mbili hewani. Lakini kuna mtego. Mzunguko ukipungua kwa digrii 30 au zaidi, hauhesabiwi kuwa minne, unahesabiwa mitatu. Kocha anajiuliza: kwa nini nimpe msichana wangu miezi ya mazoezi ili aongeze 0.2 juu ya mizunguko mitatu, huku kuyumba kidogo kukimpotezea hiyo 0.2 yote na alama za unadhifu zikikatwa juu yake? Katika miezi hiyo hiyo anaweza kumfundisha pindu nyingine ambayo watu watapiga makofi. Hesabu hiyo haina kosa. Ndiyo sababu mizunguko minne huonekana mara chache hata katika mashindano makubwa, na ndiyo sababu namheshimu aliyeamua kuikataa hesabu hiyo na bado akashinda.

Hesabu za mwaka 2002 zilikuwa tofauti na hizi za leo, kwani enzi ile alama ya juu ilikuwa bado 10, na mfumo wa kujumlisha ugumu bila kikomo uliingia mwaka 2006. Lakini tabia za makocha hazibadiliki na vitabu.

Mwaka 2003, kwenye Mashindano ya Dunia huko Anaheim, California, kulitokea jukwaa ambalo ningependa kila kijana aliyepo alijue. Daiane dos Santos wa Brazil alichukua dhahabu ya sakafuni, Catalina Ponor wa Romania akachukua fedha, na Gómez akachukua shaba. Dos Santos naye aliingiza jina lake kitabuni katika mashindano hayo hayo, kwa pindu mbili zinazoanza kwa kuruka kinyumenyume na kugeuzwa hewani, miguu ikiwa imenyooshwa, kitu chenye kishindo ambacho ukikiona huwezi kukisahau. Kwa hiyo jukwaani palikuwa na wasichana wawili wenye majina kitabuni, mmoja kwa kupaa na mmoja kwa kubaki chini. Ukiniuliza nani alistahili kushinda siku hiyo, nitakujibu dos Santos, bila kusita. Ukiniuliza cha nani kingemfaa zaidi mtoto anayeanza kujifunza, jibu langu ni jingine.

Anaheim ndiko pia timu ya Uhispania ilikojipatia tiketi ya Athens. Agosti 2004 Gómez alikwenda huko pamoja na Tania Gener, Laura Campos, Mónica Mesa, Patricia Moreno na Sara Moro, na timu hiyo ikamaliza ya tano, nyuma ya Romania, Marekani, Urusi na Ukraine, na mbele ya China. Sakafuni medali ilikuja, ila haikuja kwa bingwa wa Debrecen. Patricia Moreno, mwenzake wa chumba kimoja cha mazoezi, alitwaa shaba, na hiyo ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa wanawake wa Uhispania katika jimnastiki ya kisanaa. Nimefikiria mara nyingi hali ya msichana wa miaka 18 aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia, anayemtazama rafiki yake akipanda jukwaa ambalo miaka miwili nyuma watu wote walidhani limeandaliwa kwa ajili yake. Mwenye kujua alichohisi ni yeye mwenyewe. Ninachojua ni kwamba huwezi kuwa na timu ya tano duniani bila kuwa na wasichana wanaoweza kumfurahia mwenzao.

Hakurudi tena kwenye Olimpiki. Na hapa ndipo ninapoomba mzirudie zile tarehe mbili za Manacor. Mwezi Aprili 2002, Nadal akiwa na miaka 15, alishinda mechi yake ya kwanza ya kulipwa katika mashindano makubwa ya wanaume, huko huko Mallorca. Miezi saba baadaye Gómez akawa bingwa wa dunia. Ungewauliza wazee wa Manacor Krismasi ile ni nani mwanamichezo wa mji wao, sidhani kama wangemtaja mvulana wa tenisi. Juni 2005, Nadal alipolichukua taji lake la kwanza la Ufaransa akiwa amefikisha miaka 19 tu, Olimpiki ya Gómez ilikuwa tayari imepita. Nadal aliendelea kucheza hadi Novemba 2024, miaka 38. Watoto wawili wa mji mmoja, waliozaliwa wakipishana miezi, mmoja alipewa na mchezo wake zaidi ya miaka ishirini na mwingine akapewa michache. Kanuni inamruhusu msichana kushindana na wakubwa kuanzia mwaka anaotimiza miaka 16. Kwa Gómez hiyo ni 2001. Hesabuni kutoka 2001 hadi Athens, mtaona ni misimu minne.

Nimesikia watu wakitoa hoja kutokana na jambo hilo kwamba mchezo huu unawala watoto na kuwatema, na siwezi kuikataa moja kwa moja, kwa maana mwili unaotua maelfu ya mara kabla haujamaliza kukua unalipa deni hilo mapema au baadaye. Lakini hoja hiyo haiwi kamili bila Roxana Popa. Yeye alizaliwa Romania mwaka 1997, akakulia Uhispania na kuichezea, akaonekana kuwa ndiye mrithi; kisha goti likamwangusha, akapasuliwa, akarudi, likamwangusha tena. Timu kamili ya wanawake wa Uhispania, ambayo haikuonekana kwenye Olimpiki tangu ile ya akina Gómez huko Athens, ilifuzu mwaka 2019 mjini Stuttgart, na Tokyo, mwaka 2021, Popa akiwa na miaka 24 alicheza fainali ya vifaa vyote. Hakupata medali. Alikuwa na umri ambao wakati wa Gómez wengi walikuwa wameshaondoka, na bado alikuwa uwanjani. Mambo yanabadilika, japo polepole, na yanabadilika pale makocha wanapojifunza kumwambia mtoto apumzike. Nafurahi kusema hivyo, na ninajua ni vigumu kuyatenda mashindano yakiwa wiki mbili mbele.

Sasa nizungumze na walimu, kwa lugha ya kazi yetu. Wengi wetu hatuna springi chini ya sakafu. Tuna saruji na magodoro machache, mengine yamechanika, na tunawapanga watoto mstari mrefu kungoja zamu ya pindu moja. Katika vyote alivyovifanya Gómez, kile kilichobeba jina lake ndicho pekee ambacho hakihitaji kifaa. Pindu inahitaji godoro na mwalimu wa kushika. Kuruka meza kunahitaji meza. Boriti inahitaji boriti. Mzunguko unahitaji eneo la mkeka mmoja na mtu mwenye subira. Mtoto anaweza kuanza na nusu, kisha mmoja, na kukaa kwenye mmoja hata miezi sita mpaka nyonga ijue mahali pake, bila gharama na bila hatari ya shingo. Wanafunzi thelathini wanaweza kuufanya kwa wakati mmoja, kila mmoja mahali pake, na hakuna anayengoja mstari.

Hatari iko moja, nami naijua kwa mwili wangu. Mwaka wa kwanza nilipoanza kufundisha, nilitaka kuwaonyesha wanafunzi mizunguko miwili, nami nimevaa raba zangu mpya. Soli iling'ang'ania saruji. Mwili ukaenda, goti likabaki. Niliuguza goti lile miezi miwili, na wanafunzi, Mungu awabariki, walicheka kwa adabu. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba hakuna anayezunguka akiwa amevaa viatu, na hakuna anayezunguka kwa mguu uliochoka. Miguu mitupu hushika kupita kiasi kwenye saruji kavu. Soksi za pamba zinatosha, mradi sakafu isiwe na maji wala mchanga.

Nimesema mengi, na naona vijana mlio mbele mmeanza kuitazama ile nafasi iliyofagiliwa pale katikati. Tuna dakika kumi na tano kabla ya chai. Vueni viatu, bakini na soksi, mkae mbali mkono kwa mkono. Tutaanza na nusu mzunguko, kisigino juu, macho kwenye ule mlango wa kijani.